Mvua ya Kwanza

Somo: Yakobo 5:7–8, Mathayo 5:23–24



Padre ameniomba niandike ukurasa huu wa vuli, akanionya nisihubiri sana, kwa kuwa yeye mwenyewe ana Jumapili zote nne za Majilio za kuhubiri. Nitajaribu. Lakini mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka 37 si rahisi kumzuia asifundishe, nanyi mtanivumilia kama wanafunzi wangu walivyonivumilia, ingawa wao hawakuwa na hiari.

Nilistaafu mwaka 2017. Watu hudhani mstaafu hulala mpaka jua limkute kitandani. Mimi hata leo naamka saa kumi na moja alfajiri. Kengele ya shule ya kijiji chetu ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa mwembeni, na kutoka barazani kwangu naisikia vizuri. Ikigongwa, mguu wangu mmoja huinuka wenyewe. Mke wangu hucheka na kusema, "Mwalimu, kaa. Hiyo si yako tena."

Basi nakaa, na kwa kuwa nakaa, naona. Katika miaka yote ya kazi vuli kwangu ilikuwa ni mitihani, ripoti za wazazi na kufunga shule. Mvua niliijua kwa vile ilivyopiga mabati hata sauti yangu isisikike darasani. Sasa naiona vuli tangu inapoanza, nayo huanza kwa joto. Kusi iliyotupoza tangu Aprili hulegea Septemba na Oktoba, kaskazi bado haijashika, na bendera ya shule huning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Mawingu hujikusanya alasiri juu ya milima ya Usambara, hutuahidi, kisha huondoka. Ule mkrismasi ulio langoni mwa kanisa, ambao mwezi wa Agosti mtu angeweza kuukata kuni bila kuona haya, unaanza kutoa maua mekundu kabla hata tone moja halijaanguka. Sijui kwa nini sikuwahi kuutazama zamani.

Halafu wanakuja mbayuwayu. Hukaa juu ya nyaya za umeme wamepangana kama watoto mstarini, na wengi wao wametoka Ulaya. Huko wakati huu siku zinafupika, baridi inaingia, wadudu wanaowala wanakwisha, nao huvuka jangwa la Sahara na kuja kukaa nasi mpaka karibu na masika. Nabii Yeremia katika sura ya 8 aliwatazama ndege wa jamii hiyo akaona ajabu: ndege wanajua wakati wao wa kuja na kuondoka, ila watu wa Mungu ndio hawajui wanalopaswa kufanya. Nilipokuwa kijana nilidhani maneno hayo yaliandikiwa Wayahudi wa zamani.

Hapo nakumbuka jambo la kuchekesha. Katika vitabu vya Kiingereza tulivyofundishia, mwaka ulikuwa na majira manne, na yale majira ambayo majani huwa ya manjano na kuanguka tuliyaita vuli, maana neno jingine hatukuwa nalo. Niliandika ubaoni: wakati wa vuli majani huanguka. Mtoto mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, mbona kwetu vuli ndiyo majani yanaota?" Nikamwambia aandike kama ilivyo ubaoni. Akaandika. Na mimi nikampa alama ya vema.

Lakini ndugu zangu, yule mtoto alikuwa karibu zaidi na Biblia kuliko mwalimu wake. Katika nchi aliyotembea Bwana wetu, miezi ya katikati ya mwaka ni mikavu kabisa. Mvua ya kwanza huanguka kama Oktoba au Novemba, ikailainisha ardhi iliyokuwa ngumu kama tofali, ndipo mkulima hulima na kupanda. Mvua ya mwisho huja Machi au Aprili, ikaijaza nafaka kabla ya mavuno. Kwa hiyo Yakobo anapomtaja mkulima anayengoja kwa saburi mpaka apate mvua hizo mbili, anawataja watu ambao mwezi huu huu tulio nao walikuwa wakitazama juu kama sisi. Mwaka wao wa kilimo ulianza majira haya. Mzungu akisoma habari za mvua ya kwanza na ya mwisho, inambidi aelezwe na mwalimu. Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakusoma hata siku moja, hakuhitaji kuelezwa.

Na kungoja huko si kitu cha maneno mazuri tu. Wanaojua mambo ya hali ya hewa wanatuambia kwamba mvua hufuata jua: jua likihama kwenda kusini baada ya Septemba, ukanda wa mvua hulifuata na kupita juu yetu, ndiyo vuli, likirudi kaskazini hutupitia tena, ndiyo masika. Lakini vuli hutegemea sana bahari. Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua hutumiminikia; ikiwa baridi, mvua hukatika. Vuli ya mwaka 1961 mimi nilikuwa mtoto wa miaka minne. Mama alinisimulia kwamba ulikuwa mwaka wa ukame kwanza, kisha mvua ikanyesha hata mito ikavunja kingo zake, na Uhuru ukaja mwezi wa Desemba watu wakiwa na matope magotini. Mwaka 1997 tena, mwaka ambao kila mtu alijifunza neno elninyo. Vuli ya 2005 ilikatika, na mwaka uliofuata hata umeme ulikuwa wa mgao kwa kuwa mabwawa yalikauka. Vuli ya 2016 na ya 2021 zilikuwa haba. Ya 2019 na ya 2023 zilibomoa madaraja. Kwa hiyo mkulima akiweka mbegu ardhini mwezi wa Novemba, anaweka kitu ambacho angeweza kukila. Yule Mhubiri katika sura ya 11 anamcheka mtu anayekaa kutazama upepo na mawingu hata wakati wa kupanda ukampita; lakini naona alimcheka kwa huruma.

Mwaka huu mvua ilichelewa, kisha ikaja usiku bila kuaga. Tulisikia matone makubwa machache juu ya bati, kimya kidogo, kisha yote kwa pamoja. Mke wangu alitoka nje na ndoo tatu kabla sijapata viatu. Harufu ya udongo iliingia mpaka chumbani. Jioni iliyofuata kumbikumbi walitoka kwenye vichuguu, wakaijaa taa ya barazani, wakadondosha mabawa yao kila mahali, na watoto wa jirani wakaja na sufuria bila kuitwa. Nilikula na mimi. Daktari alinikataza chumvi nyingi, si kumbikumbi.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nikubali kuandika.

Mgongo wangu hauruhusu tena nusu eka kwa siku mbili, na vuli haingoji. Mvua ya kwanza ikinyesha ni lazima mbegu ziingie mara moja, maana kila siku unayochelewa unaikata mwishoni, wakati mahindi yanapobeba. Basi mke wangu akatafuta kibarua. Akaja mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, na jembe lake begani, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia marahaba. Hapa kijijini kila mtu ananiita Mwalimu, hata wasiowahi kukaa mbele yangu, kwa hiyo sikuwaza lolote. Alipanda vizuri sana, mistari imenyooka kuliko niliyowahi kuchora ubaoni, sentimita 75 kati ya mstari na mstari kwa kukadiria kwa macho tu.

Saa nne mke wangu akamletea uji, akamwuliza kwao ni wapi, kama wanawake wanavyouliza, mpaka akafika kwa mama yake mzazi. Akamtaja. Kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu ananijua. Alinifundisha darasa la nne."

Nikaweka kikombe chini.

Ilikuwa vuli ya mwaka 1983. Vijana wa leo hawaujui mwaka ule: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, khanga usiseme. Mimi nilikuwa na miaka 26, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu, na kichwa kilikuwa kimejaa. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza mwaka 1977, Sheria ya Elimu ya 1978 ikamtaka kila mtoto awe shuleni, nami nilikuwa na watoto 58 katika chumba kimoja na madawati 11. Tena ilikuwa Elimu ya Kujitegemea. Shule yetu ilikuwa na shamba la mahindi, na mvua ya kwanza iliponyesha usiku wa Jumatatu, Jumanne wanafunzi wote walitakiwa waje na majembe.

Mtoto huyo hakuja Jumanne. Hakuja Jumatano. Alikuja Alhamisi, viganja vyake vina malengelenge. Mtu yeyote mwenye macho angejua alikuwa wapi. Nilimwita mbele ya mstari nikamwuliza, akasema alikuwa akimsaidia mama kupanda, mama mguu wake umevimba. Nikamwambia mbele ya shule nzima, "Mvua haikunyesha kwenu peke yenu," watoto wakacheka, nikamchapa viboko vinne. Niliona nimesema neno zuri sana. Jioni nililirudia mbele ya walimu wenzangu.

Ijumaa hakuja, wala Jumatatu. Nikaandika "mtoro" katika rejista kwa wino mwekundu. Baada ya wiki mbili niliandika barua kwa viongozi wa kijiji, kama taratibu zilivyotaka, kwamba mzazi fulani hapeleki mtoto shule. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka shuleni. Sikwenda. Barua ilinichukua dakika kumi. Baadaye nilisikia kwamba yule mama ametozwa faini, kisha wamehamia kwenye mashamba ya mkonge, na jina likatoka katika orodha yangu. Nikabaki na watoto 57, na dawati moja likawa na nafasi.

Ndugu zangu, tangu mwaka ule nimekiri dhambi zangu katika kanisa hili kila Jumapili. Nimepiga magoti na kusema pamoja nanyi kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Lakini katika maungamo ya wote mtu anaweza kujificha, kama mtoto asiyejua wimbo anavyojificha katikati ya kwaya. Anafungua mdomo tu, na mgeni akimtazama atasema anaimba. Jambo la barua ile halikuwahi kupita midomoni mwangu. Si kwamba nililisahau. Nililiweka kwenye fungu la mambo yaliyofanywa kwa taratibu.

Basi yule bwana akamaliza uji, akamaliza nusu eka yangu, akaja kupokea malipo. Nikamwongezea noti mbili juu ya mapatano. Akahesabu, akanirudishia. "Hapa pamezidi, Mwalimu." Akabeba jembe lake akaenda.

Jumapili ile ilikuwa zamu yangu kupeleka sadaka mbele. Mnajua maneno ya Bwana wetu katika Mathayo 5, juu ya mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, ndipo akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Angalieni jambo moja ambalo mimi, pamoja na kulifundisha mara nyingi katika madarasa ya Kipaimara, sikuwa nimeliangalia. Bwana hakusema mtu akikumbuka kwamba yeye ana neno juu ya ndugu. Alisema ndugu ndiye mwenye neno. Yaani aliyekosewa amekaa kwake, hakuja, hakulalamika, pengine anapanda mahindi ya mtu. Na anayepaswa kuondoka na kutembea ni mwenye sadaka mkononi. Tena aiache pale pale, ibada ikiendelea, watu wakimtazama. Nilipofundisha Kipaimara nilikuwa nikilifanya neno hili kuwa la watoto wanaogombana mpirani.

Nilimpa mzee mwenzangu kikapu cha sadaka, nikamwambia tumbo linaniuma. Hilo nalo ni uongo niliousema ndani ya kanisa, naye akisoma hapa atajua kwa nini sikunywa dawa aliyoniletea jioni.

Alasiri nilikwenda kwake. Ni mbali kidogo, ng'ambo ya mto, nikapanda bodaboda mpaka njia ilipokwisha, kisha nikatembea. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe akipukuchua kunde, mjukuu wake mdogo pembeni. Akanipa kigoda. Tuliulizana habari za nyumbani, za mvua, za viwavi. Viwavijeshi hawa wavamizi ambao tangu mwaka 2017 hawatupi nafasi. Maneno yote yaliyokuwa yamepangika kichwani mwangu njiani yalikuwa yametoweka. Mwishowe nikasema tu kwamba nimekuja kumwomba radhi kwa habari ya mwaka 1983.

Hakushangaa. Aliendelea na kunde zake kwanza.

"Fimbo?" akasema. "Fimbo tulichapwa wote, Mwalimu. Niliisahau kabla sijafika nyumbani." Kisha akasema, "Barua ndiyo sikuisahau."

Akanieleza, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. Mama yake alikuwa na mbuzi jike mmoja, mwenye mimba. Ndiye aliyeuzwa kwa faini. Baada ya hapo hakuona sababu ya kubaki. Walikwenda kwenye mkonge, mama akianika, yeye akibeba, na alipokomaa akakata. Shule haikuwa karibu, na hata ingekuwa karibu, mama alikuwa akiogopa karatasi yoyote yenye muhuri.

"Mama alifariki mwaka 2009," akasema. "Angekuwapo ningekupeleka kwake, maana ni wewe na yeye. Ya kwangu, Mwalimu, nimekusamehe, ondoka na amani. Lakini ya kwake siwezi kuisamehe mimi. Ni yake."

Nimelifikiria neno hilo kila siku tangu pale. Katika vitabu vya dini nilivyosoma sikulikuta limesemwa waziwazi hivyo. Sisi huwa tunapenda msamaha ufike wote kwa pamoja, ukate deni lote, tupeane mikono, wapigwe makofi. Yule bwana alinipa kilicho chake, kamili, na kisicho chake hakukigusa, kama alivyorudisha zile noti mbili. Kuna watu tuliowakosea ambao wamekwisha kulala, nasi tunaongozana kwenda kwao na kuna mambo ambayo itabidi tuyaseme huko, tukitazamana uso kwa uso mbele ya Hakimu, ambaye Yakobo anasema yuko mlangoni. Siku ya Marehemu Wote ilikuwa imekwisha kupita mwaka huu, lakini nimempa Padre jina la yule mama lisomwe. Sidhani kama linalipa chochote. Nimetaka tu litajwe katika nyumba hii na mtu aliyeliandika vibaya.

Lakini tulikuwa hatujamaliza. Nilipotaka kuinuka aliingia ndani, akatoka na pakiti ya mbegu za mahindi, ile ya kununua dukani. Ndani yake alikuwa ametia mbegu za kunde. Akazimwaga kwenye ungo, akanipa pakiti tupu. "Nisomee."

Nikavaa miwani. Alikuwa ameinunua vuli ya mwaka jana kwa fedha ya vibarua vya wiki mbili, na mwenye duka alimwambia ni mbegu nzuri. Ni kweli ilikuwa mbegu nzuri. Ila ilikuwa imeandikwa nyuma, kwa Kiswahili safi, kwamba inafaa nyanda za juu, na kwamba hukomaa kwa miezi mitano hadi sita. Na vuli yetu, ndugu zangu, hata ikiwa njema, ni Oktoba mpaka Desemba. Kwa mvua fupi hivyo mtu hupanda mbegu kama Katumani, ambayo hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Nikamsomea mstari kwa mstari, nikamweleza. Mahindi yake yalikuwa yamefika kiunoni, ya kijani kibichi, majirani wakiyasifu, mvua ilipokatika. Hakuvuna hata gunzi moja.

Alitazama ile pakiti muda mrefu. "Kumbe iliandikwa," akasema.

Hakusema zaidi, wala hakunitazama. Nami nitakiri kwamba viboko vya mtu mzima nilivipata hapo. Kwa maana nilikuwa nimejifariji njiani kwamba kosa langu ni la zamani, miaka zaidi ya arobaini, nimekwenda kufuta vumbi. Kumbe lilikuwa limepanda mahindi mwaka jana, likavuna njaa nyumbani mwa mtu mwenye wajukuu. Mtume Paulo anatuambia apandacho mtu ndicho atakachovuna. Hilo latutisha, na ni vema litutishe. Lakini mara nyingine tunapanda sisi na anayevuna ni mwingine kabisa, na hilo lapaswa kututisha zaidi.

Nawaandikia hasa ninyi walimu wenzangu mliostaafu, na wazee wa kanisa, na wote mliowahi kuwa na rejista, mhuri au ufunguo mkononi. Wengi wetu hatukuua mtu wala kuiba. Tuliandika barua za dakika kumi. Tulipitisha maazimio kikaoni juu ya binti aliyepata mimba, tukafunga kwa sala, na hakuna aliyekwenda kumwona. Tulimwondoa mtu kwenye kwaya. Sasa tuna muda. Hakuna kengele. Majilio ni wiki nne, na miguu bado inatembea kidogo. Kama kuna jina linalokujia unaposoma hapa, usiliambie kwanza kanisani. Tafuta njia ya kwenda kwake, na usiende na fedha.

Tulikubaliana, yule bwana na mimi, kwamba atakuja barazani kwangu Jumanne na Alhamisi jioni, tuanze kusoma. Mimi ndiye niliyemwomba. Alifikiri kwanza, akasema mjukuu wake yuko darasa la tatu na huwa anamwomba amsomee mambo, naye mtoto humsomea atakavyo. Akasema atakuja siku ambazo hakuna kazi.

Amekuja mara nne. Herufi hakuzisahau zote. Darasa la nne lilimwachia zaidi kuliko nilivyostahili kutarajia. Maneno yenye ng'ombe ndani yake yanamsumbua, na husoma kwa sauti kubwa sana, hata mke wangu akatuambia tunawaamsha kuku. Tunasomea pakiti za mbegu, risiti za duka, na Injili ya Marko, kwa sababu Marko hana maneno mengi. Simsahihishi haraka. Nangoja amalize mstari.

Jumanne iliyopita hakuja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote, mvua nzuri ya kutulia, naye alikuwa na eka moja ya kunde iliyokuwa inangoja. Niliweka taa barazani nikakaa mpaka saa mbili, kumbikumbi wawili watatu wa mwisho wakizunguka kioo, kisha nikaizima nikaingia ndani.